Matumizi, Mtaji wa Nje na Ukuaji wa Uchumi

Matumizi ni ile sehemu ya pato inayokwisha katika mahitaji ya watu. Inayobaki ni akiba, na akiba ndiyo huzaa mtaji. Nchi ikitumia na kuwekeza kupita inachozalisha, pengo huzibwa kwa fedha za nje. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi uko katika swali la lipi hasa hukuza uchumi.

John Maynard Keynes alieleza mwaka 1936 kwamba pasipo mnunuzi, mitambo na wafanyakazi hukaa bure. Hoja hiyo ina nguvu mahali penye viwanda vilivyosimama. Mahali kama Sanya Juu, wilayani Siha, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, lazima kwanza iulizwe bidhaa imetoka wapi. Desemba, Wachaga wanaporejea nyumbani kula sikukuu, shilingi inayonunua mbege humfikia mwenye migomba na mkulima wa ulezi, nao huirudisha sokoni kununua maharage au kulipa fundi. Shilingi inayonunua simu humwachia mwenye duka faida kidogo, na sehemu kubwa huvuka mpaka. Zote mbili ni matumizi, lakini ni ya kwanza tu inayozunguka pale pale mlimani.

Mtaji wa nje nao haufuati uhaba. Mwaka 1990 Robert Lucas aliuliza kwa nini hauendi kwa wingi kutoka nchi tajiri kwenda maskini, ilhali nadharia inadai kwamba kwa maskini faida ni kubwa zaidi. Jibu mojawapo ni kwamba mtaji huhitaji wenzake: elimu, barabara, sheria inayotabirika. Ukikosa hivyo, huchuma kilichopo na kuondoka.

Kahawa ilileta fedha za nje kwa njia nyingine: kwa kuuza, si kwa kukopa. Wakulima wa Kilimanjaro waliungana katika chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazili Julai 1975, bei ilipanda duniani kote. Mfumo wa kimataifa wa mgawo wa mauzo ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka. Kaya iliyokuwa imelipa ada miaka ya neema ilibaki na mtoto aliyesoma, na elimu hiyo haikushuka thamani pamoja na bei ya kahawa.

Hapa ndipo hesabu za taifa zinapopotosha. Nyumba kubwa ya mgombani, inayofunguliwa Desemba na kufungwa Januari, huandikwa uwekezaji. Ada ya shule huandikwa matumizi ya kaya. Mpaka kati ya kula na kuwekeza umechorwa kwa kuangalia aina ya kitu kilichonunuliwa, wakati kinachostahili kuangaliwa ni uwezo kinaoacha nyuma yake. Kwa kipimo hicho, ada iliyolipwa kwa kahawa ni uwekezaji, tena mkubwa kuliko nyumba iliyofungwa.