Sikuona na Hakuna

Yapo maneno mawili katika lugha yetu ambayo watu huyatumia kana kwamba ni pacha, nayo si ndugu hata kidogo. Anayesema "sikuona" anatoa habari za macho yake. Anayesema "hakuna" anatoa habari za dunia nzima. Mvuvi wa Matema aliyekesha ziwani akarudi na mtumbwi mtupu husema hakupata samaki. Hathubutu kusema Ziwa Nyasa halina samaki. Lakini mtu huyohuyo akienda kutibiwa, akapimwa asionekane na kitu, akirudi nyumbani huambiwa kwamba hana ugonjwa. Naomba, ndugu msomaji, tulitazame jambo hili pamoja: aliyekosa kuona ana haki gani ya kusema hakuna, na anapokosea, hasara humwangukia nani?

Kaka yangu, ambaye sasa ni marehemu, aliacha binti aliyeolewa upande wa Ipinda, kwenye mashamba ya mpunga. Alikaa katika ndoa miaka minane bila kupata mtoto. Siku zake za mwezi zilikuwa zimekatika, kichwa kilimwuma nyuma ya macho, na pua yake ilikuwa imeziba masika na kiangazi. Tena lilikuwapo jambo la nne, ambalo hakumwambia mtu yeyote mpaka lilipojionyesha lenyewe kwenye nguo: matiti yake yalikuwa yakitoa maziwa.

Maziwa ya mwanamke asiye na mtoto hayapiti kijijini bila kusemwa. Walisema alizaa kwa siri kabla ya kuolewa na akamtupa mtoto. Wengine walisema maneno ambayo sitayaandika. Mama mkwe wake, mtu mwenye heshima zake na ambaye simchukii, alimwuliza mbele ya wifi zake: "Mwanangu, mwenye maziwa haya yuko wapi?" Mume hakusema kitu, ila mwaka uliofuata alioa mke wa pili.

Hospitalini pua ilitibiwa kama pua, kichwa kikapewa dawa ya malaria, na suala la uzazi likaandikwa katika daftari lake peke yake. Hatimaye tulichanga fedha, akapigwa picha ya kichwa kwenye mashine ya CT skani katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Majibu yalisema kwamba tezi ya pituitari ni ya kawaida. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, kila neno. Lakini aliyetusomea alitufafanulia hivi: "Hana kitu." Binti akarudi nayo Ipinda karatasi ile, na pale nyumbani ikasomwa kama hukumu ya mahakama. Maadamu wataalamu wamesema hana kitu, basi lililobaki ni tabia yake.

Hapa hapana budi nieleze tezi yenyewe. Pituitari ni ndogo kama punje ya njegere, uzito wake takriban nusu gramu. Imelala chini ya ubongo katika kishimo cha mfupa chenye umbo la tandiko la farasi, nayo huamrisha tezi nyingine kwa homoni zake. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kamasi, kwa kuwa wataalamu wa kale waliamini kwamba kazi yake ni kuchuja kamasi kutoka ubongoni na kuiteremsha puani. Imani hiyo ilikanushwa katika karne ya 17, jina likabaki. Uvimbe wa tezi hii si jambo la ajabu. Maiti zinapopasuliwa na kuchunguzwa, takriban mtu mmoja kati ya kumi hukutwa na uvimbe mdogo ambao pengine haukumsumbua maisha yake yote. La ajabu ni uvimbe wa aina hiyohiyo kuota mahali ambapo tezi haipo.

Nayo inawezekanaje? Sehemu ya mbele ya tezi hii haizaliwi pale inapokaa. Mtoto angali kijusi cha majuma machache, kifuko kidogo huchomoza kutoka kwenye paa la kinywa chake na kupanda juu kuelekea ubongoni. Mjerumani Martin Heinrich Rathke alikieleza mwaka 1838, na mpaka leo huitwa mfuko wa Rathke. Katika safari hiyo chembe chache huweza kubaki njiani: nyuma ya koo, ndani ya mfupa, au katika uwazi ulio nyuma kabisa ya pua, chini ya lile tandiko. Kwa kawaida hukaa kimya mpaka mwenyewe anapokufa. Mara chache mno hukua zikawa uvimbe unaotoa homoni, ilhali tezi yenyewe iko juu kitini pake, salama salimini. Wavuvi wetu wanamjua mbasa: wakati wa kutaga huliacha ziwa na kupanda mito. Anayetupa nyavu zake ziwani tu majira hayo atakosa samaki ambaye yupo.

Uvimbe wa binti yetu ulikuwa katika uwazi ule wa nyuma ya pua. Ulionekana Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Kyela, na ulionekana katika picha zilezile. Daktari wa kwanza pale aliuona akadhani ni saratani ya pua, akataka kuanza maandalizi ya kuuondoa. Mwenzake, mama mmoja wa makamo, aliuliza swali ambalo halikuhitaji mashine: "Siku zako unaziona?" Kisha la pili, kuhusu maziwa. Akaagiza damu ipimwe prolaktini, homoni inayoamrisha matiti kutengeneza maziwa na ambayo ikizidi husimamisha siku za mwezi. Ilikuwa juu mno. Kipande kidogo kilichotolewa kupitia puani kilithibitisha kwamba ni uvimbe wa chembe za pituitari, nao haukuwa saratani. Hakupasuliwa. Alipewa vidonge vya kabegolini, na uvimbe ukaanza kunywea. Alionywa tu kwamba akiona maji mepesi yanamchuruzika puani arudi upesi, maana uvimbe ulioula mfupa wa chini ya ubongo ukinywea haraka huweza kuacha tundu.

Nisieleweke vibaya. Si kila mwanamke atokwaye na maziwa ana uvimbe. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za maradhi ya akili huyaleta, na tezi ya shingoni ikizembea huyaleta pia. Wala simlaumu tabibu wa zahanati anayewaza malaria na upungufu wa damu kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo ni hekima. Angeanza na yaliyo adimu angewaua wengi. Lakini uadimu ni hesabu ya watu wengi waliowekwa pamoja. Kwa mwenye ugonjwa hakuna mgawo: anao wote.

Wataalamu wenyewe wameipita njia hii. Prolaktini ilijulikana kwa wanyama tangu miaka ya 1920, lakini kwa miongo kadhaa wengi waliona kwamba binadamu hana prolaktini yake mwenyewe, kwa sababu katika vipimo vyao ilifichwa na homoni ya ukuaji. Mwaka 1954 madaktari wa Marekani, Forbes na Albright miongoni mwao, walieleza habari za wanawake waliotokwa na maziwa bila kuzaa, ambao baadhi yao walikuwa na uvimbe wa pituitari. Hata hivyo, ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndipo Henry Friesen na wenzake, huko Kanada, walipoitenga homoni hiyo ya binadamu na kupata njia ya kuipima. Miaka yote hiyo maziwa yalikuwa yakitoka. Hayakungoja kuthibitishwa.

Na wazee wetu je? Godfrey na Monica Wilson, walioishi kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwamba ugonjwa ulitafutwa pia katika manung'uniko ya majirani na hasira ya ndugu. Wapo wanaoucheka utaratibu huo. Mimi siucheki sana, kwa sababu jirani akishakiri hasira yake angalau kuna upatanisho. Tulichomfanyia binti huyu kilikuwa kibaya zaidi: tulichukua "sikuona" ya kisasa tukaigeuza kuwa "hakuna", kisha tukairudisha kijijini impate mtu wa kulaumiwa. Hapakuwa na upatanisho wowote, kwani nani apatanishwe na karatasi?

Wengine watasema nadai anasa, kwamba wilaya yenye kipindupindu na wajawazito wanaofia njiani haiwezi kununua mashine kwa ajili ya ugonjwa ambao waliowahi kuandikwa duniani kote hawafiki hata elfu moja. Sidai mashine. Nadai daftari moja badala ya matatu, pua na kichwa na tumbo la uzazi viandikwe ukurasa mmoja. Nadai pia kwamba chini ya majibu liandikwe neno la kweli: tumetazama hapa, hatukutazama kule. Hilo halihitaji umeme.

Siku zake zimerudi. Mtoto bado, na mke mwenza ana wawili. Jina la ugonjwa halikumrudishia miaka minane, wala hakuna aliyekwenda kwa wifi zake nyumba kwa nyumba kuwaeleza habari za mfuko wa Rathke. Niliyemweleza ni mama mkwe wake peke yake, tumekaa barazani, mvua ya Kyela ikinyesha kama kawaida yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa baba, hicho kitu nani alikiweka huko nyuma ya pua?" Nikamwambia hakuna aliyekiweka, kilibaki njiani alipokuwa tumboni mwa mama yake. Alinyamaza kitambo kirefu. Halafu akauliza kama vidonge vile humezwa kabla ya chakula au baada ya chakula.