Bei ya Mti

Hapa Nungwi tumezoea kumlaumu mkata kuni. Twamwona akitoka maweni na mzigo kichwani, nasi twasema, "Huyo ndiye anayemaliza msitu." Lakini je, aliyemtuma ni nani? Fundi wa jahazi hutafuta mti uliopinda, mmoja mmoja, apate mataruma yake. Mwenye hoteli huagiza boriti za gari zima, na mkataji hupata kidogo tu.

Wengine husema msitu utapona ukitiwa bei. Hutaja Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Wageni hulipa kiingilio wamwone kima punju, ambaye makao yake ni Zanzibar tu, na sehemu ya fedha huenda kwa vijiji jirani. Ni jambo jema, hatulikatai. Ila korona ilipowazuia wageni mwaka 2020, kiingilio kilipungua mno. Je, na thamani ya kima ilipungua?

Tusijitoe lawamani. Tulipoezeka nyumba yetu baada ya kustaafu ualimu, tulishukuru kupata boriti za bei nafuu, wala hatukuuliza zilikatwa wapi.