Sauti ya Nyumba ni ya Nani?

Katika nyumba nyingi za Nakuru, iwe Section 58, Free Area au Kaptembwo, mtu akipata nafuu kidogo hununua televisheni kubwa, kisha wufa na spika za kuizunguka. Hatulaumu jambo hilo. Aliyechoka na kazi ana haki ya kuburudika kwake. Lakini wufa ikiingia sebuleni, swali huingia nayo: je, aliyenunua chombo ndiye mwenye sauti?

Wengi hujibu, "Fedha ni zangu." Jibu hilo laonekana la haki, kwani aliyenunua kiti ana haki ya kukikalia. Hata hivyo, sauti si kiti. Ukikaa kitini, mwenzako atakaa pengine. Ukifungulia wufa, hana pa kwenda. Jicho lina kope, sikio halina. Anayewasha sauti huwaamulia wote waliomo nyumbani wasikie nini, na kama wataweza kuzungumza.

Tena besi ina tabia yake. Sauti yenye mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8, kuliko vyumba vingi tunavyoishi. Sauti nyembamba za spika ndogo hupunguzwa na ukuta au pazia, lakini besi huenea pande zote na kupenya. Ukiiweka wufa kwenye kona, kuta mbili huiongezea mvumo. Na ndani ya chumba kimoja haisikiki sawa: ulipokaa wewe yaweza kuwa tamu, hatua mbili kando ikanguruma kupita kiasi, au ikapotea kabisa. Basi mume aliyepanga spika kwa kiti chake tu asishangae mkewe akisema ni kelele. Wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja anasikia kutoka pale alipo.

Hapo ndipo ugomvi mwingi huanza. Mume hudhani mke anapinga starehe yake. Mke hudhani mume hamjali. Hakuna aliyekwenda kukaa mahali pa mwenzake.

Labda utasema, "Mbona hajalalamika?" Ndugu yangu, kunyamaza si kukubali. Huenda alisema mara mbili akaambiwa ana wivu, akachoka. Mtoto anayefanya kazi ya shule mezani naye hawezi kumwamuru baba apunguze.

Je, basi furaha ya mmoja izimwe kwa sababu ya mwingine? La hasha. Nyumba isiyo na kicheko wala muziki nayo ina upungufu. Anayetaka kimya asikifanye kuwa fimbo. Kinachotakiwa ni mapatano, nasi twashauri hivi:

Kwanza, kabla ya kununua, shaurianeni juu ya bei na mahali pa kuweka.

Pili, pangeni spika pamoja. Mmoja akae, mwingine aisogeze wufa polepole kutoka kwenye kona, kisha mbadilishane. Simameni jikoni na chumba cha kulala, msikilize kutoka huko pia.

Tatu, wekeni saa za sauti kubwa na saa za utulivu, na watoto wazijue.

Nne, mkumbuke jirani. Katika ploti zetu familia mbili hutenganishwa na ukuta mmoja, pengine na paa moja lisilo na dari. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele zinaweka kikomo cha desibeli 35 katika makazi usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hicho ni kiwango cha chini kuliko mazungumzo ya kawaida. Lakini sheria haiwezi kujua kwamba jirani yako ni mlinzi wa usiku, alalaye mchana. Wewe unajua, na kwa kuwa unajua, wajibu wako unazidi ule wa sheria.

Mpendwa msomaji, jioni ya leo, kabla ya kuwasha, nenda ukakae kwa dakika tano pale mwenzako hukaa. Kisha mwulize, "Hapa unasikiaje?" Usijibu upesi. Msikilize mpaka amalize.