Usingizi wa mama wa mtoto njiti ni haki, si hisani

Mtoto akizaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37 huitwa njiti. Kwa makisio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 walizaliwa watoto wa aina hiyo wapatao milioni 13.4, yaani takriban mmoja katika kila watoto kumi. Tukienda kumtazama mtoto huyo, swali letu la kwanza huwa ni kilo zake. Ni nani kati yetu anayeuliza kama mama yake amelala?

Njiti hunyonyeshwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Asiyeweza kunyonya, mama humkamulia maziwa. Tena anatakiwa kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Na hata wakisharuhusiwa kurudi nyumbani, mama hushtuka kila mara kusikiliza kama mtoto bado anapumua.

Wageni nao wakija, neno lao ni moja: "Subiri, huu ni mtihani." Ni neno la kweli. Lakini anayelisema amelala usiku kucha, na anayeambiwa hajalala wiki ya tatu sasa. Je, ni uadilifu kumwachia mtu mmoja mzigo, kisha tukamuusia subira?

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wakimuona analia, humwambia kuwa imani yake ni haba. Hilo ni kosa. Surat Al-Qasas inaeleza namna moyo wa mama yake Nabii Musa ulivyokuwa mtupu alipotengana na mwanawe, na Mwenyezi Mungu akamrejeshea mtoto ili apate kutulia. Hakulaumiwa kwa majonzi yake.

Aidha, Mtume (s.a.w.) alipopata habari kuwa Abdullah bin Amr anakesha kila usiku katika ibada, alimkumbusha kwamba mwili wake na macho yake vina haki juu yake. Ikiwa macho yana haki hata mbele ya ibada ya sunna, vipi macho ya mzazi huyu?

Basi usingizi wake ni haki, na kila haki ina mdaiwa. Wa kwanza ni baba. Kifua chake kina joto kama cha mama, na anaweza kumbeba mtoto wakati mama amelala. Maziwa yaliyokamuliwa anaweza kuyanywesha kwa kikombe, akishaelekezwa na muuguzi. Baba naye akichoka, yupo shangazi, yupo bibi, wapo majirani wa kupika na kufua.

Tanzania ilirekebisha sheria za kazi mwaka 2025, ikawaongezea likizo wafanyakazi waliopata watoto njiti. Ni jambo jema. Lakini muuza maandazi hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake ni sisi.

Na tukimuona mama hapati usingizi hata mtoto anapolala, au huzuni imepita wiki mbili, tumpeleke hospitali. Akizungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, tusimuache peke yake hata kidogo, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, ukienda kumpa pole mama wa njiti, usimuusie subira tu. Nawa mikono, mpokee mtoto, mwambie akalale.