Futi ya Mama

Mpwa wangu alinunua kipanya cha kompyuta cha shilingi 180,000. Fedha hizo alizidunduliza miezi mitano, akichapa kazi za watu katika steshenari moja ya Sinza, na siku alipokileta nyumbani alikifungua mbele yetu sote kama mkufu wa harusi. Chepesi, kinawaka taa, kina vitufe ambavyo hadi leo sijui kazi yake. Chini yake akaweka pedi iliyokuja bure na kalenda ya ofisi: picha ya ufukwe, plastiki inayong'aa, ukubwa wa daftari. Nilipoiulizia akacheka. “Hilo pambo tu, Mjomba.”

Anacheza Counter-Strike, mchezo wa kulenga na kufyatua risasi. Mwezi uliofuata vijana wa mtaa wakapangiana mechi na wenzao wa Mbagala, kila mmoja aje na kipanya na pedi yake. Nilikwenda kutazama. Adui akitokea mbele, kijana wetu anammaliza. Adui akitokea nyuma, anakufa yeye. Anageuka, kipanya kinafika ukingoni mwa pedi, anakinyanyua kukirudisha katikati, na kabla hakijatua ameshapigwa. Ilikuwa hivyo jioni nzima.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Alikilaumu kipanya, akakiuza nusu ya bei, akakopa, akanunua cha ghali zaidi. Wiki mbili baadaye alikuwa anakufa vilevile, ila kwa deni.

Dada yangu, mama yake, ni fundi cherehani. Nikamwomba futi yake ya kupimia nguo, kisha nikamwambia kijana aelekee ukuta mmoja ndani ya mchezo na asogeze kipanya mpaka azunguke duara zima na kurudi palepale. Alikuwa ameweka DPI 800, yaani hatua 800 ambazo kipanya huhesabu kwa kila inchi, na kasi ya 1 ndani ya mchezo. Ilimbidi akinyanyue njiani, tukapima vipande na kujumlisha: karibu sentimita 52. Kutazama nyuma, basi, ni 26. Pedi ya kalenda ilikuwa na upana wa 22, na mchezaji haanzii ukingoni. Anaanzia katikati, kwa hiyo alikuwa na 11 tu kila upande.

“Mwanangu,” mama yake akasema, “gauni zima umelikata kwenye kipande cha leso.”

Angeweza kupandisha kasi, ndiyo. Lakini kasi ikiwa kubwa, mtetemo mdogo wa kidole unautoa mtutu nje ya kichwa cha adui. Ndiyo maana wachezaji wengi wazuri wa mchezo huu huchagua kasi ndogo na kusukuma kwa mkono mzima, kuanzia kiwiko, na mkono mzima unataka uwanja.

Ule mng'ao wa pedi ya kalenda nao ulikuwa na lake. Vipanya vya zamani vilibeba kimpira tumboni. Vya leo vina jicho linalopiga picha maelfu kila sekunde za uso ulio chini yake, na kwa kulinganisha picha hizo kipanya hujua kimesogea wapi. Jicho hilo linataka nyuzi au chembechembe za kushika. Uso unaong'aa hulichanganya, na kioo kitupu cha meza kwa kawaida hakilipi kitu cha kuona. Kumbe mshale wa kompyuta yake, uliokuwa ukirukaruka juu ya pedi ile, haukuwa na pepo.

Akaenda Kariakoo, akarudi na pedi ngumu, pana, laini kama barafu. Kipanya kikapaa. Alikuwa analipita lengo kila anapotaka kusimama, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kukizuia. Wapo wanaoipenda pedi ya namna hiyo. Mkono wake haukuipenda. Akanunua ya tatu, pana pia, ya kitambaa, yenye mpira chini, na hapo akaanza kushinda.

Kisha ukaja Machi wa Dar es Salaam. Kitambaa hunywa jasho, na kikishalowa na kushika mafuta ya mkono, kipanya huburuta. Dada yangu, kwa nia njema kabisa, akaifua kwa maji ya moto na kuianika juani juu ya bati. Pembe zikakunjamana kama dagaa. Ya nne, iliyoshonwa kingo isichanike nyuzi, inafuliwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, inalazwa bapa kivulini hadi ikauke kabisa.

Vipanya viwili, pedi nne, deni moja.

Wewe unayejiandaa kwenda dukani, azima futi kwanza. Zunguka duara lako, gawa kwa mbili, upime na nafasi iliyobaki mezani baada ya kibodi kukaa. Kama nusu duara haiingii kuanzia katikati ya pedi uliyonayo, kipanya chako usikiuze.