Kijana Akienda Vitani, Mchungaji Afanye Nini?



Masomo: Kumbukumbu la Torati 20:2-4, Luka 10:30-37.

Wazazi hapa Nyakabiga wananiuliza: "Mchungaji, mtoto wetu akirudi nyumbani kushika silaha, utamwekea mikono?" Ni swali zito. Tuangalie kwanza kazi ya mtumishi wa Mungu jeshini.

Katika Torati, kuhani alisimama mbele ya watu kabla ya vita ili kuwatia moyo. Kazi yake ilikuwa neno. Katika Vita Kuu, jeshi la Uingereza lilianza mwaka 1914 na wachungaji na mapadre 117. Kufikia 1918 walizidi 3,000. Walipewa vyeo vya maafisa, wakagawanywa kwa madhehebu. Waliomba na askari, walikaa na majeruhi, walizika wafu, waliwaandikia wazazi barua. Kupigana haikuwa kazi yao. Ndiyo maana Mkataba wa Geneva wa 1864 uliwalinda pamoja na waganga.

Vita ile ilifika hata huku. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Bujumbura, wakati ule Usumbura, kutoka kwa Wajerumani. Mizigo ya majeshi ilibebwa na wapagazi, baba zetu. Katika Afrika Mashariki walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa kuliko risasi. Nani aliwachunga? Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwaongoza wapagazi, akapewa cheo cha meja. Mwaka 1917 Dkt. John Arthur wa misheni ya Kikuyu, Kenya, alitoka na wapagazi wa misheni. Tusifiche kwamba wote wawili walitumikia upande mmoja wa vita. Lakini hawakuwaacha wabeba mizigo peke yao.

Basi jibu langu ni hili. Silaha siibariki. Kijana nitamsihi abaki. Akienda, jina lake halitatoka katika maombi yetu, na mama yake tutamtembelea. Akirudi na jeraha, tutaliosha kama yule Msamaria, bila kuuliza alikuwa kundi gani.

Na wewe uliyebebeshwa mizigo ya askari porini kwa nguvu, ambaye hakuna aliyekupa cheo wala pole: kanisa hili ni lako. Njoo useme, tutakusikiliza.

Amani ya Kristo ikae nanyi. Amina.