Ujira wa Mfanyakazi ni Deni

Tumche Mwenyezi Mungu katika haki za watu.

Miaka ya 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini, hapa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Kukaitwa kuondoka kwa hiari. Lakini mtu aliyekaa miezi mingi bila mshahara ana hiari gani? Walipewa fedha ya mara moja. Wengi walilalamika kwamba hesabu haikutimia. Wengine wakaishia mashimoni, wakichimba kwa mikono.

Mtume (s.a.w.) alituamuru tusimcheleweshee mfanyakazi ujira wake. Basi serikali inayofunga kazi ina madeni mawili: ujira uliobaki, na njia nyingine ya riziki. Tuyadai kwa haki na kwa subira.

Na sisi je? Kijana aliyekubebea mizigo, mama anayekufulia nguo, umewalipa? Kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja alipe anachodaiwa. Mwenye karakana amchukue mjukuu mmoja wa wazee wale, amfundishe kazi.

Ewe Mola, tuepushe na dhulma. Amin.